Milimita Zinazogombaniwa Ndani ya Ganda la Risasi

Kiswahili hulitwika neno risasi mizigo mitatu kwa mpigo, kwa kuwa neno hilo ni jina la madini laini ya kijivu, ni jina la kipande kinachotoka mtutuni kuelekea shabaha, na tena ni jina la kifurushi kizima ambacho mwenye bunduki hukiweka katika magazini kabla ya kufyatua. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hilo halimsumbui mtu, lakini anayetaka kueleza yanayotokea baina ya sehemu za kifurushi hicho hulazimika kuzitenganisha, na kwa sababu hiyo makala haya yanakiita kifurushi kizima risasi, na kile kinachoruka yanakiita kichwa. Kichwa hubanwa katika shingo ya ganda la shaba, ganda hubeba baruti tumboni, na katikati ya kitako chake hukaa fataki, yaani kikofia kidogo ambacho hulipuka kikigongwa na pini na kuiwasha baruti. Kina cha kupachika ni umbali ambao kichwa kimezamishwa ndani ya ganda, na ingawa umbali huo hupimwa kwa sehemu ndogo za milimita, ndio unaoamua shinikizo la gesi, ulengaji wa bunduki, na hata kama risasi itaingia katika magazini au itagoma.

Uamuzi huo humwangukia mtu anayejaza risasi zake kwa mkono. Katika Marekani na Afrika Kusini, ambako kazi hiyo ni halali na ya kawaida miongoni mwa wawindaji na wapiga shabaha, ganda lililokwisha kutumika husafishwa, hurudishwa katika vipimo vyake kwa presi ya mezani, huwekewa fataki mpya, hupimiwa baruti kwa mizani, kisha kichwa husukumwa shingoni hadi kina kinachotakiwa. Tanzania na Kenya zina sheria kali zaidi, na mtu hawezi kutengeneza risasi huko bila idhini ya mamlaka. Hata hivyo mantiki ya kazi yenyewe si ngeni kwa yeyote aliyemwona mzee wa kijijini akishindilia gobole, kwa sababu naye anajua kwamba baruti iliyoshindiliwa kwa nguvu na baruti iliyoachwa na hewa juu yake haziungui kwa namna moja, hata kama kipimo chake ni kilekile.

Tofauti kubwa kati ya gobole na raifo ni mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu wa raifo kwa kuzunguka kama skrubu. Kati ya mfereji mmoja na mwingine husalia mwinuko mwembamba, mfano wa tuta linalobaki kati ya mitaro miwili ya shamba, na matuta hayo ndiyo yanayoung'ata mwili wa kichwa na kukilazimisha kizunguke ili kisiyumbe hewani. Matuta hayaanzi palepale chumba cha risasi kinapoishia, bali mbele ya mdomo wa ganda huwa na sehemu fupi isiyo na matuta, ambayo katika makala haya itaitwa koo la mtutu. Baruti inapowaka, kichwa hutoka shingoni, hupita kooni bila kushikwa na kitu, na ndipo hukutana na matuta. Umbali huo wa kusafiri huru ndio mruko. Anayepachika kichwa kwa kina kifupi hupunguza mruko, na anayekizamisha zaidi huuongeza, lakini kwa kukizamisha anakuwa pia amechukua nafasi iliyokuwa ya baruti. Ugomvi wote wa jambo hili umo katika sentensi hiyo, kwa maana milimita moja hudaiwa na wenyewe wawili, na kila mmoja wao ana hoja.

Kabla ya kuchagua mruko ni lazima kujua matuta yanaanzia wapi, na hapo ndipo wengi wanaoanza kazi hii hukosea, kwa kuwa huamini kipimo kilichochapishwa katika kitabu. Kitabu hutoa urefu wa risasi kutoka kitako hadi ncha, ambao ni kikomo cha pamoja kilichowekwa ili risasi ya kiwanda chochote iingie katika bunduki yoyote ya aina hiyo. Hakisemi lolote juu ya koo la bunduki fulani iliyoko mikononi mwa mtu fulani, ambalo hutofautiana na koo la bunduki nyingine hata kama zote mbili zimetoka katika kiwanda kimoja. Zaidi ya hapo, ncha haigusi matuta kamwe. Kinachogusa ni sehemu ya mchongoko ambapo unene wa kichwa unalingana na kipenyo cha ndani cha matuta, na kwa kuwa ncha za vichwa, hasa vile vyenye madini laini ya risasi mbele, huwa na tofauti ndogo ndogo za urefu na mikwaruzo, wajazaji makini hupima kutoka kitako hadi mchongoko kwa kufunga kwenye taya za kalipa (chombo cha kupimia urefu) kipande chenye tundu ambalo mchongoko hukaa ndani yake. Kipimo hicho hakijali ncha imebonyea au imenyooka.

Njia ya zamani ya kuyatafuta matuta haihitaji chombo cha gharama yoyote, na pengine kwa sababu hiyo ndiyo inayofundisha vizuri zaidi. Ganda tupu, lisilo na baruti wala fataki, hubanwa shingo kidogo tu, kiasi cha kukishika kichwa bila kukikaza, na kichwa hupachikwa juujuu kikiwa kimechomoza kupita kiasi. Mwili wake hushikwa juu ya mwali wa mshumaa mpaka upate koti jembamba jeusi la masizi, kisha risasi hiyo bandia huingizwa chumbani taratibu na mtambo wa bunduki hufungwa. Inapotolewa, masizi huwa yamekwanguliwa mahali matuta yalipogusa, na mtazamaji huona viraba vidogo vinavyong'aa vikiuzunguka mchongoko kwa nafasi zilizo sawa, vinne kama mtutu una matuta manne, sita kama yako sita. Viraba virefu humaanisha kichwa kimesukumwa ndani ya matuta. Mjazaji hukizamisha kichwa kidogo, hukipaka masizi upya, hurudia, na viraba hufupika hadi vinakuwa mikwaruzo kama ya ukucha, kisha hutoweka. Kipimo cha kalipa pale vilipokaribia kutoweka ndicho mwanzo wa hesabu zote. Ikumbukwe kwamba kipimo hicho ni cha kichwa cha umbo hilo tu, na kwamba moto wa baruti hulila koo kadiri bunduki inavyotumika, hivyo matuta yaliyopimwa mwaka huu yatakuwa yamesogea mbele baada ya mamia kadhaa ya risasi.

Shinikizo la gesi ndilo jambo la kwanza la kuzingatiwa, kwa kuwa linahusu mikono na macho ya mfyatuaji, na tabia yake haifuati mstari ulionyooka. Kichwa kinapogusa matuta tangu mwanzo hukosa mwendo wa kukisaidia kuyapenya, gesi husubiri nyuma yake kwa muda mfupi sana, na katika muda huo shinikizo hupanda juu kuliko ambavyo lingepanda kama kichwa kingepewa nafasi ya kuanza safari. Kukirudisha nyuma kidogo hushusha kilele cha shinikizo. Lakini kikizidi kuzamishwa, sababu ya pili huamka, nayo ni kupungua kwa nafasi ya baruti, kwani kipimo kilekile cha baruti kikiungua katika chumba kidogo huungua kwa kasi zaidi na shinikizo hupanda tena. Katika maganda makubwa ya raifo sababu ya kwanza ndiyo yenye nguvu katika milimita za mwanzo, na katika maganda madogo, hasa ya bastola, sababu ya pili hutawala karibu mara moja. Hivyo basi, aliyepata kipimo salama cha baruti kwa mruko wa milimita moja hana haki ya kukitumia kwa kichwa kinachogusa matuta, bali anapaswa kushusha baruti na kupanda tena hatua kwa hatua, na anayebadilisha aina ya kichwa anaanza kazi upya hata kama uzito ni uleule.

Roy Weatherby, aliyeanzisha kampuni yake ya bunduki huko California mwaka 1945, aliitumia sababu ya kwanza kwa makusudi. Bunduki zake za mwendo mkali zilipewa koo refu kupita kawaida, ili kichwa kiruke umbali mkubwa kabla ya kushikwa na matuta, na shinikizo la mwanzo lishuke, jambo lililoruhusu baruti zaidi ndani ya ganda. Wapiga shabaha wa mezani, yaani wanaoegemeza bunduki juu ya meza, wameshika njia iliyo kinyume kabisa. Risasi ya 6 PPC, iliyobuniwa na Lou Palmisano na Ferris Pindell mwaka 1975 na ambayo imetawala mashindano ya shabaha ya yadi 100 na 200, kwa kawaida hupachikwa kichwa kikiwa kimegusa matuta au kimesukumwa kidogo ndani yake, na huingizwa chumbani moja moja kwa mkono, kwa kuwa mpiga shabaha huyo hahitaji magazini wala hana haraka. Mpiga shabaha huyo hutafuta mwanzo usiobadilika, kwani kichwa kinachoanza safari yake kikiwa kimenyooka katikati ya matuta hakipati fursa ya kuinama.

Kwa raifo za kawaida, hata hivyo, imani kwamba karibu zaidi ndiyo bora zaidi haikuthibitika. Wajazaji wengi huanza na mruko wa elfu 20 za inchi, yaani sehemu 20 kati ya 1,000 za inchi moja, ambao ni kama nusu milimita, na hutafuta kutokea hapo. Kampuni ya Berger ya Marekani, ambayo vichwa vyake virefu vyembamba vilikuwa na sifa ya kukubali tu kupachikwa katika matuta, ilikuja kuwashauri wawindaji wajaribu miruko minne iliyoachana mbali, yaani elfu 10, elfu 50, elfu 90 na elfu 130 za inchi, kwa sababu bunduki moja huweza kuvikusanya vizuri vichwa hivyo mahali pamoja kwenye shabaha vikiruka zaidi ya milimita tatu, wakati mwenye bunduki amemaliza baruti yake akihangaika na sehemu ndogo za milimita karibu na matuta. Ushauri huo ni wa maana kuliko unavyoonekana, kwa kuwa unamfundisha mtafutaji kupiga hatua ndefu kwanza na fupi baadaye. Mtutu hutikisika risasi inapofyatuliwa, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba kina cha kupachika hubadilisha kidogo wakati ambao kichwa kinatoka mdomoni, hivyo panapokuwa na kina kinachokitoa wakati mtutu umetulia, vichwa hukusanyika, na kwa kawaida eneo hilo jema lina upana wa kutosha kustahimili kuliwa kwa koo kwa muda.

Mwindaji, tofauti na mpiga shabaha wa mezani, ana mashahidi wengine wa kuwasikiliza, na makala haya yanashikilia kwamba mashahidi hao wana haki ya kusikilizwa kwanza. Risasi yake sharti iingie katika magazini na itoke humo bila kukwama. Kichwa chake sharti kishikwe na shingo kwa urefu wa kutosha, ambao desturi ya wajazaji huulinganisha na kipenyo cha kichwa chenyewe. Tena mwindaji aliyepachika kichwa ndani ya matuta na akaamua kuitoa risasi bila kuifyatua anaweza kufungua mtambo na kuona ganda likitoka peke yake, kichwa kimeganda mtutuni, na chembe za baruti zimemwagika katikati ya vyuma vya mtambo, hapo porini, huku bunduki yake ikiwa imegeuka rungu.

Mfano mkubwa kuliko yote wa kina kilichoamuliwa na kitu kingine badala ya mahitaji ya mwindaji unaihusu Afrika moja kwa moja. Mwanzoni mwa karne ya 20, risasi za kuwindia tembo na nyati zilikuwa na maganda marefu sana. Ganda la .470 Nitro Express lina urefu wa inchi tatu na robo, karibu milimita 83, na lile la .416 Rigby, lililotoka Uingereza mwaka 1911, lina milimita 73.7 na tumbo pana mno. Ukubwa huo ulikuwa na sababu yake, kwani baruti ya Waingereza iliyoitwa kordaiti ilipandisha shinikizo katika joto kali, na ganda lenye nafasi liliiruhusu gesi kupumua hata bunduki ikiwa imeshinda juani. Bunduki ambayo ganda lake lilinata chumbani baada ya kufyatuliwa haikuwa na msaada kwa mtu aliyesimama mbele ya nyati. Lakini maganda marefu yalidai mitambo mirefu, na mitambo mirefu ilikuwa ghali.

Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi ya .458 Winchester Magnum pamoja na raifo ya Model 70 iliyoitwa African, kwa nia ya kumpa mwindaji nguvu ya bunduki za Kiingereza za mitutu miwili kwa bei ndogo sana. Lengo lilikuwa kichwa cha greni 500 au 510, yaani gramu 32 hadi 33, kiende kwa mwendo wa karibu mita 650 kwa sekunde. Ili bei iwe ndogo, risasi ilipaswa kutosha katika mtambo wa urefu wa kawaida, ule ule uliotumika kwa .30-06, risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906, ambayo kikomo cha urefu wake ni milimita 84.84. Ganda jipya lilitokana na lile la .375 H&H lililokatwa hadi milimita 63.5, na kikomo cha urefu wa risasi nzima kikabaki palepale, milimita 84.84.

Hesabu inayofuata ni ya kutoa tu. Kati ya mdomo wa ganda na kikomo kuna milimita 21.3, kwa hiyo kichwa chenye urefu wa milimita 35 huzama ndani milimita 13.7, na kwa kuwa kipenyo chake ni milimita 11.6, kinameza karibu robo ya nafasi yote ya ganda ambalo tangu mwanzo halizidi sana ujazo wa kijiko cha chai. Baruti iliyohitajika kufikia mwendo uliotangazwa haikukaa katika nafasi iliyobaki bila kushindiliwa. Ilishindiliwa, na baada ya muda wa kuhifadhiwa katika risasi kadhaa chembe zake ziligandamana, zikawa donge ambalo moto wa fataki haukuweza kulipenya sawasawa. Wawindaji walianza kueleza juu ya risasi zilizotoa sauti hafifu, vichwa vilivyokwenda polepole kuliko maandishi ya kiboksi, na vichwa imara visivyofika mahali vilipopaswa kufika katika mwili wa mnyama. Mjazaji wa mkono hakuweza kuirekebisha hali hiyo kwa kukitoa kichwa nje kidogo, kwa sababu magazini ilimzuia. Hakuweza kukizamisha, kwa sababu baruti ilimzuia. Kina chake kilikuwa kimeshaamuliwa na meza ya wahandisi na wahasibu, mbali kabisa na mbuga za Tanganyika na Msumbiji.

Haki inadai isemwe pia kwamba risasi hiyo ilienea Afrika yote. Viwanda vya Kiingereza vilipoacha kutengeneza risasi za zamani, .458 ndiyo iliyopatikana madukani, na idara nyingi za wanyamapori ziliikabidhi kwa askari wao. Aina mpya za baruti zilizokuja baadaye ziliyapunguza sana matatizo ya mwanzo. Mjazaji wa siku hizi anayeipenda huchagua baruti yenye chembe ndogo zinazokaa vizuri bila kushindiliwa kupita kiasi, na hukubali mwendo wa chini kidogo wenye uhakika badala ya mwendo wa juu wa kubahatisha.

Jambo jingine ambalo wapiga shabaha wa mezani hawalijui ila wenye bunduki nzito wanalijua kwa mabega yao ni msukumo wa nyuma. Bunduki ya .458 inaporuka nyuma, risasi zilizobaki magazinini hubaki pale zilipo kwa sababu ya uzito wake, ukuta wa mbele wa magazini huja kuzigonga nchani, na kila mgongano huo hujaribu kukisukuma kichwa ndani zaidi ya ganda. Ndiyo maana kichwa cha aina hiyo huwa na mfuo mwembamba kiunoni, na mdomo wa ganda hukunjwa kuingia katika mfuo huo baada ya kupachika. Kwa hiyo kina hakichaguliwi kwa kalipa peke yake, kwani mfuo unasema kichwa kiishie wapi, na mjazaji anayetaka kina kingine hana budi kutafuta kichwa ambacho mfuo wake umechongwa mahali pengine. Anayepuuza mkunjo huo anaweza kuanza msako na kina kimoja na kuumaliza na kingine katika magazini ile ile, bila kujua.

Jack Lott, mwindaji na mwandishi wa Kimarekani, alijeruhiwa na nyati huko Msumbiji mwaka 1959 akiwa na bunduki ya .458, na tukio hilo lilimfanya atafute ganda lenye nafasi zaidi. Risasi iliyotokana na juhudi zake, .458 Lott, ilijulikana mwaka 1971. Kichwa ni kilekile, kipenyo ni kilekile, na kitako chenye ukanda ni kilekile, lakini ganda limerefushwa hadi milimita 71.1, na milimita 7.6 hizo zilizoongezwa zimetosha kukipeleka kichwa cha greni 500 karibu mita 700 kwa sekunde bila kuishindilia baruti hadi igande. Chumba cha Lott hupokea pia risasi ya zamani ya .458, kwa kuwa ni fupi na vipimo vyake vingine vinaoana. Inapofyatuliwa humo, kichwa chake huruka milimita saba hivi zaidi kabla ya kuyafikia matuta, mruko ambao ungemfadhaisha mpiga shabaha wa 6 PPC, na bado hupiga ndani ya eneo la moyo wa nyati kwa umbali ambao nyati hupigwa.